Miezi ya kusubiri Kidato cha 5: jenga upya aljebra yako hadi mlango wa kalkulasi

Mtihani wa Kidato cha 4 huisha Novemba, na Kidato cha 5 huanza Julai. Katikati kuna miezi kama saba. Wengi huimaliza wakisubiri matokeo, kisha wakisubiri kupangiwa shule. Wakifika darasani kwa tahasusi yenye hisabati, kama PCM, PGM au EGM, wiki ya pili tu somo limeshawakimbia. Nimewafundisha tuisheni vijana wa namna hii kwa miaka kadhaa, na karibu wote hukwama mahali pamoja. Mahali hapo si kwenye kalkulasi yenyewe, yaani hisabati ya jinsi vitu vinavyobadilika (calculus). Ni kwenye mabano, sehemu na alama ya kutoa, mambo ya darasa la saba na Kidato cha 1 ambayo hayakuwahi kukaa sawa.

Mwongozo huu ni wa miezi hiyo. Unamfaa pia mtu mzima anayerudi kwenye hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tafuta daftari mbili, karatasi za grafu, rula, na saa moja na nusu kila siku ambayo nyumbani wanajua kwamba usisumbuliwe. Kikokotoo kiweke mbali mpaka nitakapokwambia ukichukue.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kufungua kitabu

Fanya maswali haya sita kwa dakika 15, bila kuangalia popote:

1. 7 − 3(2 − 5)
2. 2/3 + 3/4
3. −3² ni ngapi, na (−3)² ni ngapi?
4. Rahisisha 5x − 2(x − 4)
5. Tafuta x: x/2 − x/3 = 4
6. Fungua mabano: (x + 3)²

Majibu: 16; 17/12; −9 na 9; 3x + 8; 24; x² + 6x + 9. Ukikosa mawili au zaidi, wiki mbili za mwanzo ni za sehemu na namba hasi peke yake. Najua inauma, hasa kwa aliyepata alama nzuri. Lakini swali la Kidato cha 5 lenye 1/x + 1/(x + 1) ni lile lile la 1/2 + 1/3. Asiyejua kwa nini tunatafuta kigawanyo cha pamoja kwenye namba hatakijua kwenye herufi.

Kwenye mpangilio wa matendo wengi hujikwaa kwa sababu ya MAGAZIJUTO. Tulifundishwa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, na tukaelewa kwamba kujumlisha lazima kuje kabla ya kutoa. Sivyo. Chukua 10 − 4 + 3. Ukijumlisha kwanza unapata 10 − 7, yaani 3. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Kugawanya na kuzidisha navyo ni hivyo hivyo. MAGAZIJUTO ni kifupisho kizuri kwa mtoto, ila kiongezee jambo hili moja.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakisemwi vya kutosha. Shule ya msingi wengi wetu tulisoma hisabati kwa Kiswahili, na sekondari tukaikuta kwa Kiingereza. Kuna mwanafunzi anayejua kabisa kipeuo cha pili ni nini lakini akikiona kwa jina lake la Kiingereza anadhani ni kitu kipya. Tenga kurasa chache za daftari la pili, chora safu tatu: neno la Kiswahili, neno la darasani, na mfano mmoja wa namba. Usiandike maelezo marefu. Mfano wa namba unatosha kukukumbusha.

Hatua ya 2: Kila unapotilia shaka, weka namba

Hii ndiyo silaha ninayoitegemea kuliko zote, na haina gharama. Herufi katika aljebra inasimama badala ya namba. Kwa hiyo kanuni yoyote ya kweli lazima ikubali namba yoyote utakayoiweka, isipokuwa ile inayoleta kugawanya kwa sifuri.

Unadhani (a + b)² ni sawa na a² + b²? Weka a = 3 na b = 4. Upande wa kwanza ni 7², yaani 49. Upande wa pili ni 9 + 16, yaani 25. Kanuni imekufa palepale, bila kumuuliza mwalimu. Pungufu ni 24, ambayo ni 2 × 3 × 4. Hapo namba yenyewe imekuonyesha kilichosahauliwa: 2ab.

Unataka kukata x juu na chini katika (x + 6)/x ubaki na 6? Weka x = 2. Unapata 8/2, yaani 4, si 6. Unaruhusiwa kukata kinachozidishwa tu. Kilichojumlishwa hakikatiki.

Usitumie 0 wala 1 kujaribia, wala 2 peke yake. Hizo ni namba za upole mno na hufunika makosa: 2 + 2 na 2 × 2 vyote ni 4. Tumia 3, 5, na moja hasi kama −2.

Daftari la pili liwe pia daftari la makosa. Ukikosea, andika kosa lako lilivyo, chini yake namba iliyoliumbua, kisha njia sahihi. Baada ya mwezi utagundua kwamba huna makosa mia. Una matano au sita yanayojirudia, na ukishayajua kwa sura unaanza kuyaona kabla hayajaandikika.

Hatua ya 3: Kamilisha mraba kwa kuuchora

Hapa kaa sana. Kama ningeambiwa nifundishe jambo moja tu katika aljebra yote ya sekondari, ningechagua hili, na ningelifundisha kwa rula na karatasi.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake cha kutatua milinganyo kina neno al-jabr katika jina lake, na hilo ndilo lililozaa neno aljebra. Kwa Kiarabu jabr ni kuunga, kama anavyounga mfupa mganga wa mifupa: kilichopungua upande mmoja wa mlinganyo kinarudishwa, na upande wa pili unaongezewa kiasi kile kile. Katika mifano yake maarufu upo huu:

x² + 10x = 39

Hakuanza na fomula. Alichora. Nawe chora.

Chora mraba ambao kila upande wake ni x. Eneo lake ni x². Sasa una 10x ya kuiweka mahali. Igawe mara mbili: 5x na 5x. Kila moja ni mstatili wenye urefu x na upana 5. Bandika mmoja ubavuni kulia mwa mraba, na mwingine chini yake. Tazama umbo ulilopata. Ni karibu mraba mkubwa, ila kona moja ya chini kulia ina pengo. Pengo hilo ni la 5 kwa 5, yaani 25.

Umbo lenye pengo lina eneo 39. Ndivyo mlinganyo ulivyosema. Ziba pengo: 39 + 25 = 64. Sasa una mraba kamili wenye eneo 64, kwa hiyo upande wake ni 8. Lakini upande huo ni x + 5. Basi x = 3. Hakiki: 9 + 30 = 39.

Al-Khwarizmi aliishia hapo, kwa sababu urefu wa upande hauwezi kuwa hasi. Sisi tunaendelea. Tuliandika (x + 5)² = 64, na namba ambayo kipeo chake cha pili ni 64 si 8 tu, hata −8. Kwa hiyo x + 5 = −8, na x = −13. Hakiki tena: 169 − 130 = 39. Yote mawili ni majibu.

Fanya haya kwa mchoro kwanza, kisha bila mchoro:

x² + 6x = 16 (majibu 2 na −8)
x² + 3x = 10 (majibu 2 na −5; nusu ya 3 ni 1.5, usiogope desimali)
x² − 4x = 5 (majibu 5 na −1; mchoro wake ni mgumu zaidi, maana unakata badala ya kubandika)
2x² + 12x = 32 (gawanya kwa 2 kwanza)

Ukishafanya kama ishirini za namna hii, fanya moja ya mwisho kwa herufi tupu: ax² + bx + c = 0. Peleka c upande wa pili, gawanya kote kwa a, chukua nusu ya b/a, zidisha nusu hiyo kwa yenyewe, ongeza pande zote mbili. Utafika kwenye

(x + b/2a)² = (b² − 4ac)/4a²

na hatua moja mbele ndipo ilipo ile fomula ndefu ambayo shule nyingi huikaririsha kama shairi. Sasa ni mali yako. Ukiisahau ndani ya chumba cha mtihani, unaijenga upya kwa dakika tatu. Na utaona mwenyewe kwa nini b² − 4ac ikiwa hasi hakuna jibu katika namba za kawaida: hakuna namba unayoizidisha kwa yenyewe ukapata hasi.

Hatua ya 4: Fankisheni, na banda la kuku

Fankisheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa namba moja tu. Ukimwambia bodaboda umbali, anakutajia nauli. Tuseme anaanza na shilingi 1,000 na kuongeza 500 kwa kila kilomita: nauli ni 1000 + 500x. Grafu yake ni mstari mnyoofu, mwinamo wake ni 500, na unakata mhimili wa wima kwenye 1,000. Mistari minyoofu nadhani uliisoma vizuri. Siku tatu zinatosha.

Penye faida kubwa ni kwenye mikunjo. Chukua hili. Una mita 40 za wavu wa kuku na ukuta mrefu wa nyumba. Unataka uwanja wa mstatili, ukuta ukiwa upande mmoja, hivyo wavu unazunguka pande tatu. Upana uwe kiasi gani ili kuku wapate nafasi kubwa iwezekanavyo?

Upana ukiwa x, pande mbili zinameza 2x, na urefu unabaki 40 − 2x. Eneo ni x(40 − 2x), yaani 40x − 2x². Kabla ya ujanja wowote, tengeneza jedwali: x = 5 inatoa 150; x = 8 inatoa 192; x = 10 inatoa 200; x = 12 inatoa 192; x = 15 inatoa 150. Weka nukta kwenye karatasi ya grafu, ziunganishe kwa mkono. Umepata mkunjo kama paa la msonge, na kilele kinaonekana kwenye 10.

Kinaonekana, lakini je, ni 10 hasa, au 10.1? Kamilisha mraba:

40x − 2x² = −2(x² − 20x) = −2[(x − 10)² − 100] = 200 − 2(x − 10)²

Soma ulichokiandika. Kutoka 200 unatoa kitu ambacho hakiwezi kamwe kuwa hasi. Kwa hiyo eneo halitapita 200, na linafika 200 pale tu x ikiwa 10. Umethibitisha bila kalkulasi. Weka karatasi hii vizuri, tutairudia.

Jifunze pia grafu zinavyohama. Chora x², kisha (x − 3)², kisha x² + 3, kisha −x², zote kwenye karatasi moja kwa rangi tofauti. Ile ya (x − 3)² huhamia kulia, si kushoto, na hilo huwachanganya wengi: ili upate sifuri ndani ya mabano, x lazima iwe 3. Ukiwa na simu, programu ya GeoGebra haina malipo na itakuchorea kwa sekunde, ila ichukue baada ya kuchora kwa mkono, uitumie kujisahihisha.

Hatua ya 5: Logi ni swali

Mbele ya log 1000 usifikirie kitufe. Fikiria swali: kumi niipandishe kwa kipeo gani ili nipate 1,000? Jibu ni 3. Basi log 1000 = 3, na log 100 = 2. Zidisha 100 kwa 1,000, unapata laki moja, na logi yake ni 5, yaani 2 + 3. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha. Ndicho alichokitafuta John Napier wa Scotland alipochapisha majedwali yake mwaka 1614, kuwapunguzia wanaastronomia na mabaharia mahesabu marefu.

Sasa chukua kikokotoo. Tuseme shilingi 100,000 zinakua kwa asilimia 10 kila mwaka, na faida haitolewi. Zitafika laki mbili lini? Mlinganyo ni 1.1ⁿ = 2, ambapo n ni idadi ya miaka. Herufi imepanda juu kwenye kipeo, na kazi ya logi ni kuishusha: n × log 1.1 = log 2, hivyo n = 0.3010 ÷ 0.0414, takriban 7.27. Hakiki kwa namba: baada ya miaka 7 una 194,872, baada ya 8 una 214,359. Inakubali.

Kosa la kulinda hapa ni moja: log(2 + 3) si log 2 + log 3. Ile ya pili ni log 6. Jaribu kwenye kikokotoo uandike kwenye daftari la makosa kabla hujalifanya.

Hatua ya 6: Saini na kosaini ufukweni

Saini, kosaini na tanjenti ulizisoma kwenye pembetatu. Kwenda mbele zinahitaji duara. Chora duara lenye nusu kipenyo 1, katikati yake ikiwa pale mihimili inapokutana. Nukta inaanza kulia kabisa, inazunguka kinyume cha mishale ya saa. Umbali wake wa kulala ni kosaini ya pembe, na wa kusimama ni saini. Basi. Kwa kuwa nukta inazunguka na kurudi ilipoanza, thamani zinajirudia kila nyuzi 360.

Thamani za nyuzi 30, 45 na 60 usizikariri. Kata mraba wa upande 1 kwa mstari wa kona hadi kona, upate 45. Kata pembetatu yenye pande tatu sawa katikati, upate 30 na 60. Pythagoras anamalizia.

Halafu nenda pwani, hata kwa mawazo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa kama 12.4. Tuseme leo yamejaa saa 4 asubuhi kwa kimo cha mita 3.5, na yakipwa hubaki mita 0.5. Wastani ni 2, na maji yanapanda au kushuka 1.5 kutoka wastani. Basi kimo, saa t baada ya kujaa, ni

2 + 1.5 × kosaini ya (360t/12.4)

Weka t = 6.2: pembe ni 180, kosaini ni −1, kimo ni 0.5. Yaani maji yamekupwa saa 10 na dakika 12 jioni. Weka t = 24.8: yamejaa tena kesho saa 4 na dakika 48 asubuhi. Mvuvi anajua kwamba maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Sasa unaiona ndani ya 12.4. Na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, namba ipi inakua? Ni ile 1.5. Wakati wa maji mafu hupungua. Ukiweza kumweleza mtu kazi ya kila namba katika mstari ule, grafu za saini hazitakusumbua tena. Kisha soma radiani, yaani kipimo cha pembe kwa urefu wa tao ukigawanywa kwa nusu kipenyo, ambapo nyuzi 180 ni π. Kidato cha 5 kitatumia hicho zaidi kuliko nyuzi.

Hatua ya 7: Nazi inaanguka

Umefika mlangoni. Nazi inaachia kwenye mnazi wa mita 20. Tukiacha upinzani wa hewa, umbali iliyoshuka baada ya sekunde t ni takriban mita 5t². Inagusa chini sekunde ya 2, maana 5 × 4 = 20. Wastani wa kasi ni 20 ÷ 2, mita 10 kwa sekunde. Lakini inapogusa ardhi ina kasi gani hasa?

Pima kipande kifupi cha mwisho chenye sekunde h. Umbali katika kipande hicho ni 20 − 5(2 − h)². Fungua mabano kwa uangalifu: 20 − 20 + 20h − 5h². Gawanya kwa h, unabaki na 20 − 5h. Kipande kikiwa sekunde 1, kasi ni 15. Kikiwa 0.1, ni 19.5. Kikiwa 0.01, ni 19.95. Inasogelea 20, na hiyo ndiyo kasi: mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa.

Huruhusiwi kuweka h = 0 tangu mwanzo, kwa kuwa ungepata 0/0. Ni lazima kwanza ugawanye ndipo uisogeze h kuelekea sifuri. Namba inayosogelewa inaitwa kikomo. Na angalia ulichotumia kufika hapa: kufungua mabano yenye kipeo cha pili, alama ya kutoa mbele ya mabano, na kukata kinachozidishwa. Aliyeandika (2 − h)² = 4 − h² hafiki.

Ratiba ninayoshauri ni wiki tatu kwa hatua mbili za mwanzo, mwezi mzima kwa mraba, wiki tano kwa fankisheni na grafu, wiki mbili kwa logi, mwezi kwa saini na kosaini, na muda uliobaki kwa vikomo. Mifano iliyofanywa kitabuni ifunike kwa karatasi, ujaribu mwenyewe, ndipo ufunue mstari mmoja mmoja. Swali lililokushinda lirudie kesho yake, kisha baada ya wiki. Vitabu vya kiada utavipata kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kazi ya mwisho, kabla ya kufunga begi la bweni: toa ile karatasi ya banda la kuku. Kwenye 40x − 2x², weka 10 + h mahali pa x, toa 200, gawanya kwa h. Ukifanya sawa utabaki na −2h tu. Isogeze h kuelekea sifuri, uone mwinamo wa mkunjo pale kileleni ni ngapi.